Diski mbili ndani ya sanduku moja: kupeleka nakala za nyumbani mbali kwa VPN

Wezi walioingia kwa jirani yangu hapa Tabata, Dar es Salaam, hawakukaa sana. Walibeba kompyuta, kamera mbili, na kisanduku cheusi kilichokuwa kikiwaka taa za kijani chini ya meza. Kisanduku hicho ndicho kilikuwa seva yake ya kuhifadhia kazi: diski mbili za terabaiti 4 kila moja, na ndani yake harusi, send-off, vipaimara na misiba ya zaidi ya miaka sita. Jirani ni mpiga video. Wiki hiyohiyo familia moja ilimpigia ikiomba tena video ya harusi ya binti yao. Baba wa bibi harusi alikuwa amefariki, na hotuba ya siku ile ndiyo kumbukumbu pekee waliyokuwa nayo ya mzee akizungumza. Ilikuwa imeondoka na kisanduku.

“Kaka,” aliniambia tukiwa tumekaa barazani, “si nilikuwa na nakala mbili?”

Alikuwa na diski mbili. Nakala hakuwa nayo hata moja, na hakuna aliyewahi kumweleza tofauti. Nimeona watu wenye akili zao wakichanganya mambo matatu yanayofanana kwa jina tu: seva yenye diski nyingi, njia ya VPN (handaki la siri kati ya mashine mbili kupitia intaneti), na nakala rudufu yenyewe. Kila kimoja kina kazi yake, na kimoja hakifanyi kazi ya mwenzake. Swali lililonisaidia kuvitenganisha ni hili: wewe unanikinga na kifo kipi?

Tuanze na zile diski mbili. Seva nyingi za nyumbani huwa na nafasi ya diski mbili, nne au zaidi, na fundi anayekufungia huziunganisha kwa mpangilio uitwao RAID. Katika RAID 1, kila kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza huandikwa papo hapo kwenye ya pili. Moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi. Unanunua mpya, unaichomeka, kazi haisimami. Ni kinga nzuri, lakini ni ya kifo kimoja tu: diski kuharibika. Mtoto akifuta folda, imefutika kote kwa mara moja. Programu ya kuteka mafaili na kudai fidia ikiingia, inayafunga yote kwenye diski zote. Radi ikipita kwenye waya wa umeme haitachagua diski. Na mwizi habebi moja akakuachia ya pili.

Kwa hiyo nakala lazima itoke ndani ya nyumba. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ambayo mafundi wengi huitumia hadi leo: uwe na nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 kati ya hizo iwe mahali pengine. Sina ugomvi na hesabu hiyo, ila kwa mtu wa Dar es Salaam tarakimu ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote. Waliokuwepo Desemba 2011 wanakumbuka mto Msimbazi ulivyofurika, watu wakafa, na familia za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Nakala iliyoko kwa rafiki wa Kigogo haimsaidii sana mtu wa Jangwani siku maji yanapopanda. Jirani alikuwa na dada yake Morogoro, takriban kilomita 190 kutoka hapa. Umbali huo ulitutosha: mvua moja, mwizi mmoja au hitilafu moja ya umeme mtaani haiwezi kuzifikia nyumba zote mbili.

Angeweza pia kulipia hifadhi ya mtandaoni ya kampuni ya nje, na kwa mtu mwenye gigabaiti 50 za nyaraka ningemwambia afanye hivyo, aache kujisumbua. Ila terabaiti 3 za video hulipiwa kila mwezi, bei huwa ya dola, na njia ya kuzifikia hupita baharini. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu baharini kwa pamoja, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mawasiliano ya nyumba mbili zilizo ndani ya nchi yanaweza kukutana hapahapa, kwenye kituo cha kubadilishana intaneti cha TIX kilichopo Dar es Salaam, ikiwa watoa huduma wa pande zote mbili wameunganishwa hapo.

Handaki, na lile lisilo handaki

Ukitaja VPN mjini, wengi hufikiria programu ya bure ya kwenye simu inayomfanya mtu aonekane yuko nchi nyingine. Hilo ni tumizi mojawapo tu. VPN tunayoizungumzia hapa haina kampuni katikati wala nchi ya kujificha. Ni handaki kati ya mashine mbili unazozimiliki mwenyewe. Fikiria mahandaki ya reli yaliyochimbwa milimani kule Kilosa: treni inaingia upande mmoja na kutokea wa pili, na aliyesimama juu ya mlima haoni kilichomo kwenye mabehewa.

Na kwa kuwa ni VPN, sheria inalihusu pia. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliwataka watu na kampuni wanaotumia VPN katika shughuli zao watoe taarifa kufikia tarehe 30 ya mwezi huo. Handaki la nakala halina sababu yoyote ya kufichwa, kwa hiyo fuata utaratibu uliopo, hasa kama ni la biashara.

Sisi tulitumia WireGuard, programu ya kutengeneza handaki la VPN. Imeandikwa na Jason Donenfeld, na tangu Machi 2020 imo ndani ya kiini chenyewe cha Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, kuanzia toleo la 5.6. Kila mashine ina funguo mbili: wa siri ambao hautoki humo kamwe, na wa wazi unaopewa mwenzake. Ule wa wazi ni kama kufuli ulilolisambaza kwa marafiki: yeyote anaweza kulifunga kwenye kifurushi chako, lakini mwenye kulifungua ni wewe tu. Jambo ninalolipenda zaidi ni ukimya wake. Anayebisha hodi bila ufunguo unaotambulika hajibiwi chochote, hata kuambiwa hapana. Kwa anayezunguka mtandaoni akitafuta milango, mashine yako haipo.

Kuna aliyewahi kuniuliza: ikiwa programu ya nakala tayari hutuma mafaili yakiwa yamefungwa, handaki la nini tena? Jibu liko kwenye ukimya huo. Januari 2022 programu ya DeadBolt ilivamia seva za nyumbani za kampuni ya QNAP zilizokuwa zimefunguliwa moja kwa moja kwenye intaneti, ikayafunga mafaili ya wenyewe na kuwadai fidia. Walioathirika hawakuwa wazembe kupita wengine. Walikuwa wameacha mlango unaoonekana barabarani. Handaki linauondoa mlango huo machoni pa watu.

Kifo ambacho handaki halikukingi nacho ni hiki: linafunga mzigo ukiwa njiani tu. Ukifika Morogoro, umeshafunguliwa. Diski ikiibwa kule, mwizi atatazama harusi za watu bila kizuizi. Nitalirudia baadaye, kwa sababu ndipo nilipokosea mwanzoni.

Sanduku la posta la watu wengi

Hapa ndipo siku zetu mbili zilipoishia, na nadhani ndipo watu wengi hukata tamaa.

Wengi wetu tumekulia kwenye nyumba zisizo na sanduku la posta. Barua zilikuja kwa S.L.P. ya shule, ya kanisa, au ya ofisi ya baba. Ukiandika wewe kwanza, jibu linakufikia, kwa sababu karani wa pale anakumbuka nani aliandika. Lakini mgeni akiandika tu kwenda S.L.P. ile bila kukutaja, barua inabaki mezani.

Intaneti ya nyumbani iko hivyohivyo. Anwani za mfumo wa zamani, IPv4, ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na hazina yake kuu iliisha Februari 2011. Kwa hiyo watoa huduma wengi huwapa wateja wengi anwani moja ya nje, na ndani humpa kila mmoja anwani ya kuazima. Mwaka 2012 fungu maalumu lilitengwa kwa kazi hiyo, kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255. Fungua ukurasa wa ruta yako, tazama anwani ya upande wa nje. Ikiwa ndani ya fungu hilo, au ikianza na 10, unatumia sanduku la wengi, na hakuna mipangilio ya ruta itakayomfanya mtu wa nje akufikie kwanza. Tulihangaika kufungua poti 51820, mlango ambao WireGuard huutumia, kwenye ruta ya Morogoro kutwa nzima, kumbe ile ruta haikuwa na anwani yake mwenyewe.

Dawa yake ni rahisi ukishauelewa ugonjwa: aliye nyuma ya sanduku la wengi ndiye aanze kuandika. Faiba ya Tabata ilikuwa na anwani halisi ya nje, Morogoro haikuwa nayo. Kwa hiyo Morogoro ndiyo inayolifungua handaki, ingawa mzigo unatoka Tabata kwenda kule. Watu hudhani anayetuma ndiye lazima apige simu, lakini simu ikishapokelewa kila upande unaweza kuongea. Ili karani asisahau, mashine ya Morogoro hutuma kijipakiti kila baada ya sekunde 25. Mpangilio wake unaitwa PersistentKeepalive. Kama nyumba zote mbili ziko nyuma ya sanduku la wengi, unaweza kumwomba mtoa huduma anwani ya kudumu kwa malipo, kukodi seva ndogo yenye anwani halisi iwe kituo cha katikati, au kutumia huduma kama Tailscale, ambayo imejengwa juu ya WireGuard na hukusaidia kukutanisha pande mbili.

Mitego miwili zaidi, kwa haraka. Ruta nyingi hutoka dukani zikitumia anwani za ndani zinazoanza na 192.168.1 au 192.168.0. Nyumba zote mbili zikiwa na mfululizo mmoja, mashine itautafuta mzigo wa Morogoro sebuleni kwako. Badilisha wa nyumba moja. Wa pili ni wa kwetu kabisa. Umeme ukikatika Tabata na kurudi, ruta inaweza kupewa anwani mpya. Unaweza kulipatia handaki jina linalofuata anwani inapobadilika, lakini WireGuard hulisoma jina hilo mara moja tu inapowashwa. Morogoro itaendelea kubisha nyumba ya zamani hadi utakapoifanya isome upya. Tumeweka kazi ndogo inayokagua kila dakika chache na kulisoma jina tena pakiwa kimya.

Neno kuhusu adabu. Handaki lisiunganishe familia nzima. Dada yake jirani ana simu, televisheni na laptop za watoto kwenye intaneti ile, nasi hatuna shughuli nazo. Tuliruhusu mashine moja izungumze na mashine moja, basi. Na kwa kuwa intaneti ya nyumba ile sasa inabeba mzigo wetu, jirani ndiye anayeilipia, kifurushi kisicho na kikomo. Kuweka terabaiti juu ya bando la mtu mwingine ni kumkosea heshima.

Mzigo wa kwanza hupanda treni

Baada ya kukusanya vilivyobaki kwenye kadi, kwenye flashi za wateja, na kazi mpya za mwaka mzima, jirani alikuwa tena na terabaiti 3. Kasi yake ya kupakia ni megabiti 10 kwa sekunde. Piga hesabu: terabaiti 3 ni megabiti milioni 24, ugawe kwa 10, ni sekunde milioni 2.4. Hizo ni karibu siku 28 mchana na usiku, kwa sharti kwamba umeme haukatiki hata mara moja. Kumbuka kasi wanayoitangaza kwenye vipeperushi mara nyingi ni ya kupakua. Inayokuhusu wewe ni ya kupakia.

Tulitengeneza nakala ya kwanza hapahapa Tabata, kwa waya wa mtandao wa ndani, kwenye diski itakayokaa Morogoro. Kisha akaifunga ndani ya taulo, akaiweka kwenye begi na kupanda treni ya SGR, inayokwenda Morogoro tangu Juni 2024. Kutoka mlango hadi mlango alitumia kama saa nne. Ukiigeuza safari ile kuwa kasi ya mtandao, ni zaidi ya gigabiti moja na nusu kwa sekunde.

Baada ya hapo handaki hubeba mabadiliko tu. Harusi moja ya Jumamosi humpa kama gigabaiti 60, yaani saa 13 na dakika 20 za kupakia. Tumeipangia kazi hiyo kati ya saa tano usiku na saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo Jumamosi moja hula usiku wa kuamkia Jumatatu na wa kuamkia Jumanne, na mchana familia inatumia intaneti yake bila kulalamika.

Nani ana ruhusa ya kufuta

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Mwanzoni nilitumia rsync, chombo kilichotolewa mwaka 1996 ambacho bado nakiheshimu: hulinganisha pande mbili na kutuma vipande vilivyobadilika tu. Nilikiamuru kiifanye Morogoro ifanane na Tabata kila usiku, pamoja na kufuta kilichofutwa. Jioni moja nikakaa na kujiuliza lile swali langu la kifo. Mafaili ya Tabata yakitekwa leo saa nne usiku, saa tano handaki langu zuri litayabeba yaliyotekwa na kuyaweka juu ya yaliyo mazima. Nilikuwa nimejenga RAID ndefu ya kilomita 190.

Nakala ya kweli huweka siku zilizopita. Tulihamia restic, ingawa Borg ingefanya kazi ileile. Programu hizi hukata mafaili vipande, hutunza kila kipande mara moja tu, na kila usiku huandika toleo jipya linaloweza kufunguliwa kivyake. Leo, jana, mwezi uliopita: unachagua. Pia huyafunga mafaili kwa usimbaji, yaani kuyageuza yasisomeke bila nywila, kabla hayajatoka nyumbani, na hivyo lile tundu la diski kuibwa Morogoro linazibwa. Hili si la hiari kwa mtu anayehifadhi sura na majina ya wateja; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu Mei 1, 2023, na picha za harusi za watu ni taarifa zao.

Halafu tukamnyang'anya Tabata ruhusa ya kufuta. Upande wa Morogoro kuna seva ndogo ya restic iliyowekwa katika hali ya kuongeza tu: inapokea vipya, inatoa vya kusoma, inakataa kuondoa chochote. Mvamizi akiimiliki kompyuta ya Tabata na nywila zake zote, anaweza kuongeza takataka lakini hawezi kuifuta Jumamosi iliyopita. Kupunguza matoleo ya zamani hufanywa kutoka Morogoro kwenyewe, mara moja kila miezi mitatu. Kati ya yote niliyoyaeleza, ningeambiwa nichague moja la kusisitiza, ningechagua hili.

Ila usimbaji una kifo chake. Nywila ya restic ikipotea, hakuna fundi wa Kariakoo wala wa nchi nyingine atakayekufungulia. Na kama imehifadhiwa kwenye kompyuta iliyoibwa, nakala iko salama hata dhidi yako wewe mwenyewe. Tuliiandika kwa kalamu kwenye karatasi mbili. Moja iko kwa mama yao Korogwe, ndani ya bahasha ya vyeti vya kuzaliwa. Ya pili sitasema ilipo.

Morogoro ilihitaji vitu vichache: kompyuta ndogo, diski, na UPS, betri ya akiba, ya kuishikilia kwa dakika kadhaa izime kwa utaratibu umeme unapokatika au luku inapoisha. Jambo moja lilitusumbua huko. Umeme uliporudi siku moja, kompyuta iliwaka lakini diski ya nje haikujiunga, na nakala ikaanza kuandikwa kwenye kadi ndogo ya mfumo hadi ikajaa. Sasa kazi haianzi mpaka ithibitishe kwamba diski ipo mahali pake, na isipoanza, jirani hupata ujumbe kwenye simu. Tulipanga ujumbe uje pia pale kazi inapokwenda vizuri, kwa sababu ukimya unaweza kuwa na maana mbili.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi jirani huchagua kazi moja bila mpangilio, anairudisha kutoka Morogoro na kuitazama. Si orodha ya majina ya mafaili, anaitazama yenyewe. Mwezi wa tatu alichagua video ghafi za hotuba za wazazi kwenye harusi moja ya Sinza. Picha zilirudi zote. Sauti iliyosikika ilikuwa ile ya kamera, ya mbali, imemezwa na mwangwi wa ukumbi. Ile safi, ya kinasa kinachochomekwa kwenye maikrofoni, haikuwepo. Folda ya sauti ilikuwa diski nyingine na hatukuwa tumeiweka kwenye orodha ya nakala. Tuliiongeza jioni ileile. Gigabaiti 28 za sauti za wazee zilianza safari saa tano usiku, na kabla ya saa kumi na mbili asubuhi zilikuwa zimefika.